Nilikariri mchezo wa Kasparov, nikapigwa hatua ya 12: je, niache Sisiliani?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na huu ni mwaka wa tatu nacheza chesi katika klabu yetu. Nikipewa kete nyeusi huwa nacheza Ulinzi wa Sisilia, yaani Sisiliani. Miezi michache iliyopita niliuona mchezo wa 16 wa Karpov na Kasparov katika pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 1985, ule ambao Kasparov, mwenye kete nyeusi, anatoa askari mapema kwa 8...d5 (hatua ya 8, askari hadi d5), kisha farasi wake anaketi d3. Niliupenda mno, nikaukariri wote, hatua 40. Kwenye mashindano ya juzi mpinzani wangu akaingia mumo humo, nikasema leo ni leo. Lakini hatua ya 12, badala ya kumficha mfalme, akacheza Be3 (askofu hadi e3). Nikamla askofu, akanipiga shaha kwa Qa4 (malkia hadi a4), nikabaki na askari mmoja pungufu na mfalme wangu katikati. Baadaye nikasalimu amri. Wenzangu wananiambia mwenye kete nyeusi atafute sare tu, kushambulia ni kazi ya Mweupe. Sasa Kasparov alishindaje kwa ufunguzi mbovu? Niache Sisiliani kabisa?”

Marahaba kijana wangu, na pole. Najua inavyouma kupoteza mchezo ulioungojea kwa hamu, tena kwenye njia uliyoibeba yote kichwani. Barua yako ina swali lililo wazi, la Be3, na jingine lililojificha nyuma yake: ikiwa hata Kasparov alishinda kwa kitu kisicho sahihi, mchezaji wa klabu aamini nini? Nikupe majibu mafupi kwanza. Gambiti ya 8...d5, yaani kule kutoa askari makusudi ili upate mashambulizi, kweli ina kasoro, na kasoro yenyewe ni hiyohiyo uliyoonyeshwa. Sisiliani haina ubaya wowote. Kasparov alistahili ushindi wake, ila hakuupata kwenye hatua ya 8. Aliupata kati ya hatua ya 16 na ya 24. Na wenzako wamekosea.

Weka ubao mbele yako, ubao wa kushika kwa mkono kama unao, tuupitie taratibu. Kwa asiyezoea maandishi haya: N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, na hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari; x ni kula, + ni shaha, O-O ni kumficha mfalme pembeni huku ngome ikimvuka, na nukta tatu huonyesha hatua ya Mweusi. Mchezo ulianza 1.e4 c5 2.Nf3 e6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nc6 5.Nb5 d6 6.c4 Nf6 7.N1c3 a6 8.Na3. Simama hapo. Mweupe amepata anachokitaka: askari wake wa c4 na e4 wameibana d5, na katika Sisiliani d5 ndiyo pumzi ya Mweusi. Mweusi akifanikiwa kumsogeza askari wake hadi d5 bila hasara, karibu kila kete yake inafunguka. Akizuiwa, atacheza amebanwa kwa muda mrefu. Lakini tazama pia bei aliyolipa Mweupe. Farasi wake mmoja ametoka g1 akapita f3, d4 na b5, na sasa yuko a3. Ametumia hatua nne kufika ukingoni mwa ubao, mahali ambapo farasi ana miraba minne tu ya kwenda badala ya minane.

Ukiliona hilo, 8...d5 inaeleweka. Mweusi anasema: farasi wako yuko mbali, mfalme wako bado yuko katikati, basi nafungua ubao sasa hivi, hata kama itanigharimu askari. Baada ya 9.cxd5 exd5 10.exd5 Nb4, Mweusi ana askari mmoja pungufu, lakini mistari yote imefunguka na askari wa d5 anashambuliwa kutoka pande tatu. Karpov akacheza 11.Be2. Hapa Mweusi angeweza kumla askari huyo na kurudisha usawa. Kasparov hakutaka. Akacheza 11...Bc5, akimwacha askari palepale, akidai kikubwa zaidi.

Na hapa ndipo tatizo lako lilipo. Mtazame huyo askofu wa c5: ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Anaikalia njia ndefu inayoelekea kwa mfalme wa Mweupe, na pia anamlinda farasi wa b4. Mweupe anapocheza 12.Be3 anamwita aondoke kazini. Ukila kwa 12...Bxe3, farasi wa b4 anabaki yatima, na 13.Qa4+ inamshika yeye pamoja na mfalme wako wa e8 kwa mpigo mmoja. Unaziba kwa 13...Nd7, anakula 14.Qxb4, unamwokoa askofu kwa 14...Bc5, kisha 15.Qe4+ inampeleka mfalme f8, na haki yake ya kujificha kwa O-O imekwenda. Hesabu mali: Mweupe bado ana askari wake wa ziada, na safari hii hakuna fidia yoyote upande wako. Usipokula, Mweupe atabadilishana maaskofu mwenyewe, na nguvu uliyokuwa nayo kwenye c5 inakwisha. Hakuna jibu zuri. Si kwamba wewe hukuliona, halipo.

Sasa ujue ni nani aliyeuonyesha ulimwengu hatua hiyo. Ni Karpov mwenyewe. Mwaka 1986, kwenye mashindano ya Brussels, Mholanzi John van der Wiel alijaribu gambiti hii dhidi yake. Karpov akacheza 12.Be3, akashinda. Tangu hapo wachezaji wakubwa waliiacha. Kwa hiyo usijione mjinga: shimo uliloingia wewe alishaingia bingwa anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini basi Karpov hakuiona mwaka mmoja kabla? Tarehe 15 Oktoba 1985, mjini Moscow, alikuwa bingwa wa dunia anayetetea taji alilolishika kwa miaka kumi. Baada ya michezo 15 matokeo yalikuwa sawa, 7½ kwa 7½. Gambiti yenyewe alishaiona katika mchezo wa 12, ambapo alijibu 11.Bc4 na wakaishia sare kwenye hatua ya 18. Safari hii alikuja na 11.Be2. Kasparov akamjibu kwa 11...Bc5, na Karpov akatakiwa kutafuta dawa peke yake, saa ikihesabu, mbele ya ukumbi uliojaa. Akafanya kile tunachowafundisha wanafunzi wote: akamficha mfalme. Hatua mpya inayotokea ghafla hupima kile unachoweza kukigundua ndani ya dakika chache. Ikishachapishwa na kuchambuliwa mezani kwa utulivu, inapimwa kwa mizani nyingine kabisa. Wewe uliicheza ikiwa imekwisha kuchambuliwa kwa zaidi ya miaka 35, dhidi ya mtu mwenye programu ya uchambuzi kwenye simu yake. Huo si mchezo ule wa 1985, hata kama hatua 11 za mwanzo zinafanana.

Nakuomba hata hivyo usiutupe. Kinachofuata baada ya 12.O-O ni mojawapo ya mafunzo bora niyajuayo ya namna kete nyeusi zinavyoweza kuutawala ubao, na funzo hilo halitegemei gambiti hata kidogo.

Fuata: 12...O-O 13.Bf3 Bf5 14.Bg5 Re8 15.Qd2 b5 16.Rad1 Nd3. Ona kwanza b5: farasi wa a3 alikuwa na ndoto ya kupita c4, na sasa njia imezibwa. Kisha farasi mweusi anatua d3, askofu wa f5 akiwa mlinzi wake nyuma. Farasi huyo hadi leo wachezaji humwita pweza, na ukimchunguza utaona ni kwa nini. Kutoka d3 anafika b2, b4, c1, c5, e1, e5, f2 na f4, miraba minane. Ngome za Mweupe zinataka c1 au e1, kwa kuwa hiyo ndiyo mistari iliyo wazi. Zote mbili zimefungwa. Kwenye mstari wa d amesimama yeye mwenyewe, kwa hiyo ngome ya d1 na malkia wa d2 wanatazama mgongo wake tu. Na askari wa ziada wa Mweupe, yule wa d5 aliyeonekana faida, amegeuka ukuta mbele ya askofu wake wa f3. Mimi naamini Karpov angemtoa mapema kwa d6, amrudishe askari kwa hiari ili askofu apate njia. Alimsogeza kwenye hatua ya 28, na kwa wakati huo mambo yalishaharibika.

Ukiwa Mweusi, hili ndilo la kushika: fidia ya askari uliyemtoa haipimwi kwa vitisho vya shaha peke yake. Inapimwa kwa kuuliza ni kete ngapi za mpinzani zinafanya kazi. Baada ya 17.Nab1 h6 18.Bh4 b4 19.Na4 Bd6 20.Bg3 Rc8 21.b3 g5, simamisha mchezo ufanye zoezi moja. Chukua kila kete ya Mweupe uitafutie hatua salama. Farasi wa b1: a3 na c3 zinalindwa na askari wa b4, na d2 amekaa malkia wake mwenyewe. Hana pa kwenda. Farasi wa a4: b6 kuna malkia mweusi anayechungulia, c3 kuna askari, c5 kunalindwa mara tatu, iko b2 tu, na huko anakutana na pweza. Ngome mbili hazina mstari. Mweupe ana askari mmoja zaidi kwenye hesabu, lakini jeshi linalopigana ni dogo kuliko la Mweusi. Hiyo g5 nayo, ambayo wanaoanza huiona kama kumvua nguo mfalme wako, inaruhusiwa kwa sababu hiyohiyo. Hakuna kete ya Mweupe inayoweza kufika kumdhuru, huku g4 ikimnyemelea askofu wa f3.

Na usidhani Kasparov alikaa kusubiri. Baada ya 22.Bxd6 Qxd6 23.g3 alirudisha farasi wake wa pili nyuma, 23...Nd7. Huwa nawauliza wanafunzi kwa nini, na wengi hukwama. Jaribu kumpa Mweupe 24.Nb2, ili hatimaye amwondoe pweza. Mweusi anajibu 24...Qf6. Mweupe akiendelea 25.Nxd3 Bxd3 26.Qxd3, inakuja 26...Ne5, na farasi huyo mpya anamshika malkia wa d3 na askofu wa f3 kwa pamoja. Pweza alikuwa amelindwa na hatua ambayo bado haijachezwa. Karpov aliliona hilo, akarudi 24.Bg2, na Mweusi akaendelea kukaza.

Mwisho wake unaujua, lakini urudie kwa macho mapya. Kwenye hatua ya 34 Karpov anamla farasi wa d3 kwa malkia, baada ya farasi huyo kukaa pale kwa hatua 18. Papo hapo 34...Nf2+ inamchukua malkia, kwa kuwa shaha hiyo inatoka kwa farasi huku askofu wa g6 naye akifunguliwa njia hadi d3. Baada ya 35.Rxf2 Bxd3 farasi wawili wa Mweupe bado wako a4 na b1. Wa kwanza anasogea hatua ya 38, wa pili hatua ya 39. Kwenye 40...Re1+ mchezo umekwisha.

Nije kwa wenzako. Wazo la kwamba Mweusi acheze kwa sare tu linatokana na ukweli mdogo: Mweupe huanza, na kuanza ni faida. Lakini Sisiliani ilibuniwa kukataa ulinganifu. Unabadilishana askari wako wa c, wa pembeni, na askari wake wa d, wa katikati. Unabaki na askari wawili wa katikati dhidi ya mmoja, na mstari wa c uko wazi kwa ngome zako. Hiyo ni rasilimali ya kudumu, na inakudai ucheze kwa nia. Ushahidi umo katika pambano lilelile. Mchezo wa 24, wa mwisho, tarehe 9 Novemba 1985, Karpov alihitaji kushinda ili abaki na taji. Kasparov, mwenye kete nyeusi, sare ilimtosha. Alicheza Sisiliani, na akashinda. Akawa bingwa akiwa na miaka 22, kwa pointi 13 dhidi ya 11. Kati ya ushindi wake mara tano katika pambano hilo, mara mbili alikuwa Mweusi.

Sasa ufanye nini mpinzani akikuletea tena 5.Nb5? Unaweza kuendelea na gambiti kwenye michezo ya dakika 3 au 5 mtandaoni, ambako mshangao bado una thamani. Sikukatazi, utajifunza mengi kuhusu kushambulia. Ila kwenye mashindano yenye saa ndefu, usiicheze dhidi ya mtu anayejiandaa. Ipo pia njia ya kati: baada ya 11.Be2 unamla askari wa d5 kwa farasi mara moja. Mali inakuwa sawa, lakini mfalme wako bado yuko katikati, na Mweupe anamaliza kupanga kete zake kabla yako. Inachezeka, haipendezi.

Njia nyingine ni kumnyima b5 tangu mwanzo kwa 4...a6 badala ya 4...Nc6. Ni ufunguzi mzuri, ila usidhani umekimbia tatizo: Mweupe anaweza kucheza 5.c4 na kuibana d5 vilevile.

Ushauri wangu kwako hasa ni 8...Be7. Unamficha mfalme, unacheza b6, askofu anakwenda b7, ngome c8, askari wako wa a6, b6, d6 na e6 wanajipanga safu moja na kungoja. Niseme ukweli: utabanwa. Kutakuwa na hatua kumi ambazo hutashambulia chochote, na kijana anayependa mchezo wa Kasparov hapendi kungoja. Lakini jiulize unangoja nini. Unangoja d5, au b5. Ni pigo lilelile la gambiti, safari hii likiwa limeandaliwa kwa kete zote nyuma yake. Siku litakapofaulu utaona maaskofu wako wanapata uhai kama wa mchezo ule, bila kulipa askari, na bila tundu la Qa4.

Kuhusu kukariri, usiache kusoma michezo ya mabingwa; badilisha namna ya kusoma. Funika hatua za Mweusi kwa karatasi, ujaribu kuzitabiri moja moja kuanzia ya 12. Ukikosea, andika ulikuwa unawaza nini. Lichess ni ya bure na itakuonyesha kwenye kila nafasi mabingwa walicheza nini na walishinda mara ngapi. Ungeitazama nafasi ya baada ya 11...Bc5 kabla ya mashindano, ungekutana na Be3 mapema. Programu ya uchambuzi iwashe mwisho, baada ya akili yako kuchoka kutafuta. Ukiiwasha mwanzo itakupa jibu, na hutajua swali lilikuwa nini.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu. Kama baada ya miezi miwili bado unapoteza kabla ya hatua ya 20, au kama unapokutana na hatua usiyoitarajia mikono inatetemeka na unacheza ndani ya sekunde chache, tafuta kocha au mchezaji mwenye nguvu kukuzidi, mkae meza moja. Tatizo la namna hiyo huonekana kwa anayekutazama ukicheza: unavyoitazama saa, unavyoigusa kete kabla hujamaliza kuhesabu. Simu haioni hayo. Ukienda, usipeleke mchezo wa Kasparov. Peleka karatasi ya mchezo wako uliopoteza, na pembeni ya 12.Be3 uandike dakika ulizofikiri kabla ya kumla askofu. Kocha atataka kuanzia hapo.